Fundi Aliyesema Njoo Kesho

Mtaani walimwita Mama Pindo, na mtu asidhani jina hilo lilitokana na mtoto. Hakujaliwa kuzaa. Lilitokana na sare za shule. Mafundi wengine wakishona sketi ya mtoto huacha pindo la vidole viwili, wanabana kitambaa. Yeye aliacha vidole vinne, mara nyingine vitano, akalishikiza kwa mkono kwa nyuzi ndefu, ili kila magoti ya mtoto yalipochungulia, mama mtu aje nayo ishushwe. Sketi moja ilivaliwa tangu darasa la tatu mpaka la saba. Ukiitazama kwa makini uliona mistari ya mapindo ya zamani, mmoja juu ya mwingine, mahali ambapo rangi haikupigwa na jua. Kwa mistari hiyo Mama Pindo alijua mengi kuliko mwenyekiti wa mtaa. Mtoto aliyepita miaka miwili bila kushushiwa pindo alikuwa na neno, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa sufuria tupu.

Alikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa siku nyingi, yeye na cherehani yake ya kukanyaga upande wa kulia, na upande wa kushoto mshona viatu, mzee mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko uzi wake. Walikuwa wametaniana miaka mingi hata wapita njia walidhani ni mtu na shemeji yake.

Kitu kimoja Mama Pindo alijivunia, na hakuona haya kukisema. Fundi wa cherehani kila mtu anamjua: ukimpa gauni la harusi, utakwenda kulichukua una mimba ya pili. Neno lao ni moja, njoo kesho. Mama Pindo, miaka thelathini na moja barazani pale, hakuwahi kulitamka. Akikuambia Alhamisi saa nne, ukifika saa nne Alhamisi nguo imepigwa pasi, imekunjwa, inakungoja wewe tu. Wapo waliorekebisha saa zao kwake.

Sasa, nyuma ya baraza hiyo kulikuwa na nyumba ya vyumba sita vya kupanga, na chumba cha tatu alikaa Mama Mapacha na watoto wake watano. Mume alikwenda kutafuta kazi, njia ikammeza. Mwanamke yule alifua nguo za watu majumbani, siku alipoitwa. Siku asipoitwa alifagia ua mara mbili, ili watoto wasimwone amekaa. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja na pazia la gunia. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, waliyemwita Kadogo kwa umbo lake. Mtu mgeni angempa miaka kumi. Kadogo ndiye aliyewalisha wadogo zake mama akiwa hayupo, na kulipokuwa hakuna cha kulisha, ndiye aliyewasimulia chakula. Mama Pindo alimsikia siku moja kupitia dirishani akiwapikia mapacha wali wa maneno, akauchambua mchele, akaukatia vitunguu, akafunika sufuria, mpaka wakasinzia kabla haujaiva.

Jumatatu moja asubuhi Mama Mapacha alikuja barazani na kitambaa kilichofungwa gazetini. Kilikuwa cha rangi ya zambarau, kizito, kizuri kuliko chochote kilichowahi kuingia chumba cha tatu. Akasema ni gauni la Kadogo. Mama Pindo akavuta utepe wake shingoni, akamwambia amwite mtoto apimwe. Mama Mapacha akasema hakuna haja, vipimo anavyo, akatoa karatasi.

Iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Kifua inchi thelathini na sita. Nyonga thelathini na tisa. Iwekwe mikunjo ya kifuani na sifongo ndani. Mabega yajazwe. Na chini kabisa, pindo liwe jembamba.

Mama Pindo aliisoma mara mbili. Kadogo yule alikuwa hazidi inchi ishirini na saba kifuani, tena akivuta pumzi. Hili halikuwa gauni la mtoto kukulia. Lilikuwa la kumkuza kwa siku moja.

Aliuliza ni vipimo vya nani. Mwenzake akajibu kwa pumzi moja, kama mtoto anayeghani alichokaririshwa, macho yake kwenye kopo la vifungo. Ni la kupigia picha tu, picha ya karatasi za safari. Kuna mama mmoja mwema, anavaa miwani, amemwona mtoto na kumpenda. Atampeleka mbali kwenye nyumba ya watu wenye uwezo, atasaidia kazi ndogondogo, watamsomesha. Ameshawaachia mfuko wa unga. Gari linakuja Jumamosi. Gauni linatakiwa Alhamisi.

"Alhamisi saa nne," alisema Mama Pindo, kwa kuwa mdomo ulizoea.

Mwenzake alipoondoka, alikaa na kile kitambaa mapajani bila kukanyaga cherehani, hata mshona viatu akamuuliza kama amelala macho wazi. Alikuwa mbali, miaka arobaini na saba nyuma, kwao, mwaka mvua ilipokataa kunyesha na baba yao alikuwa ameshazikwa.

Mwaka ule alikuja mwanamke mwenye viatu vizuri. Naye alikuwa mwema. Naye alizungumza habari za nyumba ya watu wenye uwezo, na shule. Mdogo wake Mama Pindo alikuwa na miaka tisa, mtoto mcheshi, mwenye pengo mbele, hawezi kutembea mwendo mmoja bila kurukaruka. Mama Pindo mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemwogesha asubuhi ile na kumsuka, tena kwa kukaza, mpaka macho ya mtoto yakavutika akacheka kwamba amekuwa paka. Akapandishwa kwenye lori juu ya magunia. Mkono wa kulia alishika furushi, akapunga wa kushoto. Na watu wote wazima waliosimama pale, mama, baba mdogo, majirani, hakuna aliyeuliza lori linakwenda wapi. Waliona haya. Kumuuliza mtu aliyekuja kukusaidia kulionekana kama kumtukana.

Haikuja barua. Hakikuja kitu. Mama yao alikufa akiwa bado anageuka kila gari lilipopunguza mwendo.

Tangu hapo Mama Pindo aliishi na mtoto asiyekuwapo. Kila mwaka alimwongezea mwaka. Mdogo mtu alipofika ishirini, Mama Pindo alijiuliza kama ameolewa, alipokuwa na thelathini alijiuliza ana watoto wangapi. Sokoni aliwatazama wanawake wa umri huo usoni mpaka wengine wakamuuliza anadai nini. Kila mwanamke aliyecheka akaonyesha pengo alimfanya asimame. Kwa hesabu sasa alikuwa mama mtu mzima wa miaka hamsini na sita, labda ana mvi. Lakini hesabu ilikuwa ya kichwa. Moyoni alikuwa yuleyule wa tisa, na usingizini alikuja akirukaruka, na kila mara Mama Pindo alikuwa karibu kumfikia.

Unaweza kuuliza kwa nini hakukirudisha tu kitambaa na kusema sishoni. Alilifikiria hilo. Lakini kona ya pili palikuwa na fundi mwingine ambaye angelishona gauni kabla ya adhuhuri, bila kuuliza. Kitambaa kikibaki kwa Mama Pindo, picha haipigwi. Picha isipopigwa, karatasi hazipo. Basi akakikunja, akakitia kwenye sanduku la cherehani, akaweka mkasi juu yake.

Jumanne alifunga kazi mapema akaenda shuleni. Mwalimu wa darasa la sita alimwambia Kadogo hajaonekana wiki ya pili sasa, na kwamba mama mtu aliitwa hakuja. Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alimwelekeza ofisi ya ustawi wa jamii, akamwandikia na kikaratasi. Mama Pindo akaenda kwa miguu. Alikuta mlango mmoja, benchi moja, na mhudumu aliyemwambia afisa yuko kata nyingine na hana gari, atarudi Ijumaa au Jumatatu. Akamwachia kikaratasi, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za darasa la saba zilizosimama wima kama askari: Jumamosi itakuwa tumechelewa.

Alhamisi saa nne kamili Mama Mapacha alisimama barazani.

Mama Pindo alitazama chini, akasema mkanda wa cherehani umekatika. Kisha akalisema lile neno. "Njoo kesho."

Mshona viatu aliacha nyundo hewani. Mteja alipoondoka alimsogelea, akampa mkono wa pongezi. Alisema alikuwa akingoja siku hii miaka yote, kwamba leo shemeji amefuzu, sasa ni fundi kweli kama sisi, na kilichobaki ni kujifunza kupoteza nguo za watu. Mama Pindo alifungua sanduku, akamwonyesha kitambaa kizima. Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye kigoda chake, na siku hiyo nzima hakufanya utani tena. Jioni tu alisema yule mwenye miwani anamfahamu kwa viatu. Alimshonea soli mwaka juzi, mtaa wa pili, na huko nako kulikuwa na msichana wa kusafiri.

Ijumaa Mama Mapacha alikuja saa mbili, na hakuja na salamu.

"Mama, mkanda naona uko sawa."

"Uko sawa."

"Na gauni?"

"Sijalikata."

Hapo mwanamke yule aliyezoea kusema polepole alipandisha sauti, vichwa vikatoka madirishani. Alisema wivu ni kitu kibaya kwa mtu mzima. Alisema mtu ambaye hajazaa hawezi kujua kazi ya kuzaa. Mshona viatu aliinua uso, akauinamisha. Mama Pindo aliliacha neno lile lipite. Lilimchoma, lakini alikuwa ameshachomwa na makubwa zaidi. Alinyanyuka, akamshika mkono, akamwingiza chumba cha tatu, akafunga pazia. Watoto walikuwa kisimani na Kadogo.

Waliketi kitandani, maana hapakuwa na pengine. Mama Mapacha alianza kulia kwa hasira. Unadhani sijui, alisema. Unadhani sikuisoma ile karatasi. Wewe una cherehani, mimi nina nini? Mikono hii? Ilikuwa imepauka kwa sabuni, kucha zimelika. Alisema Kadogo mwenyewe ndiye aliyesema ndiyo. Mtoto alisema, mama niende, kwa sababu mimi ndiye ninayekula zaidi. Na haikuwa kweli. Mtoto yule ndiye aliyekula kidogo kuliko wote.

Mama Pindo alimngojea amalize. Kisha akamsimulia habari za lori. Alimsimulia yote, kusukwa na paka na furushi, mambo ambayo hata marehemu mumewe hakuwahi kuyasikia. Alipofika mwisho sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jioni ile mama aligawa uji. Bakuli langu likajaa kupita siku zote, kwa sababu fungu lake lilikuwa limebaki. Mwanangu, mimi nilifurahi. Nilikunywa, nikashiba, nikafurahi kwamba ameondoka. Tangu siku hiyo kila chakula ninachokula nakula na yeye."

Mama Mapacha alikuwa ameacha kulia.

"Sikuambii usimpeleke," Mama Pindo aliendelea. "Mtoto ni wako. Nakuomba kitu kimoja. Akija, muulize anakwenda nyumba gani, mtaa gani, kwa nani. Akuandikie, kwa mwandiko wake huohuo mzuri. Akiandika, nakata kitambaa na kabla ya jua kuzama gauni liko tayari."

Mwenye miwani hakungoja Jumamosi. Alifika saa sita mchana, amekasirika kwa adabu, akauliza barazani gauni limefikia wapi. Alikuwa mama mnene kiasi, wa sauti ya kubembeleza, angeweza kuwa shangazi ya mtu yeyote. Alimwita Mama Pindo dada. Mama Pindo alimkaribisha kigoda, akamwashiria Mama Mapacha kwa kidevu.

Mama Mapacha alisimama mlangoni, mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, watu wa nyumba ile walimsikia akimuuliza mtu mwenye viatu swali.

"Mwanangu anakwenda kwa nani?"

Mwenye miwani alicheka kidogo. Alisema si alishaeleza, kwa watu wazuri. Mama Mapacha akauliza wanaitwaje. Akajibiwa majina ya huko ni magumu. Akauliza mtaa. Akajibiwa mtaa utajulikana wakifika. Akauliza, je, akitaka kumsikia mtoto sauti, apige simu ya nani? Kila swali lilitoka dhaifu, na kila lililofuata likasimama zaidi. Mshona viatu akatoa kalamu nyuma ya sikio lake, akafuta vumbi kipande cha boksi, akavinyoosha vyote viwili kwa mgeni.

Mgeni hakuvipokea. Ubembelezi ulimtoka usoni kama rangi ya kitambaa cha bei rahisi. Alisema kama hamtaki bahati, wapo wengi wanaoitaka, milango hiyo yote. Akadai kitambaa chake. Mama Pindo alimpa, kimekunjwa vizuri, hakina hata alama ya chaki. Akadai na unga.

"Unga wameula watoto," alisema Mama Mapacha. "Nenda kawashitaki."

Mgeni alipokata kona, Mama Mapacha alikaa chini pale pale mlangoni. Hapakuwa na shangwe. Aliuliza, si kwa kulaumu, watakula nini jioni. Mama Pindo alisema jioni ya leo watakula kwake, na kesho atamfundisha kushona mapindo kwa mkono na kutia vifungo, kazi iliyokuwa imeanza kumshinda macho. Ya keshokutwa hakuijua. Kisha alimwambia mshona viatu achukue upande ule wa barabara na yeye atachukua huu, na wazee wale wawili wakapita mlango kwa mlango hadi magharibi, wakiwaambia watu waulize mtaa na nyumba na kwa nani. Wengine waliwashukuru. Wengine waliwaambia washone yao.

Kadogo alirudi shule Jumatatu, na sketi yenye mistari mitatu ya mapindo. Hakusema asante, alipita barazani akasimama, akasema, "Bibi, shikamoo," akabaki amesimama kama aliyesahau kitu, kisha akakimbia kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Mama yake alishona mapindo yaliyopinda kama njia ya mlevi. Mama Pindo aliyafumua kwa siri, akayarudia.

Siku hiyohiyo, mchana, afisa wa ustawi alifika kwa miguu. Alikuwa binti wa watu, kijana, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani, kikaratasi cha Mama Pindo juu yake. Aliomba radhi kwamba amechelewa. Alichukua maelezo ya mwenye miwani, umbo na sauti na mwandiko, na ile karatasi ya vipimo ambayo Mama Pindo hakuirudisha pamoja na kitambaa. Aliandika majina ya watoto wote watano, akaahidi kuwaombea chakula cha miezi mitatu, akasema wazi kwamba kuomba si kupata. Mama Pindo alimpenda kwa hilo.

Alipokuwa anafunga faili aliuliza swali la mwisho, kwa sauti ya mtu aliyelizoea, kwa kuwa liliandikwa chini ya fomu na alipaswa kuliuliza kila nyumba.

"Kuna mtoto mwingine mnayemfahamu aliyechukuliwa, na hajulikani alipo?"

Mama Mapacha alitikisa kichwa. Mshona viatu akaanza kueleza habari za mtaa wa pili. Mama Pindo alikuwa ameshika utepe, akiuzungusha kidoleni, akiufungua.

"Yupo mmoja," alisema. "Wa kike. Ana miaka tisa."

Afisa alifungua tena faili, akatafuta nafasi, akauliza amechukuliwa lini. Mama Pindo akamtajia mwaka.

Kalamu ilisimama. Binti yule alimtazama bibi mbele yake, mvi zake na makunyanzi yake, na ilionekana akipiga hesabu. Aliangalia fomu, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya jambo kama hilo. Mtu mwingine angefunga faili kwa upole na kusema pole mama. Yeye aliisogeza karatasi magotini, akaandika mwaka ule kama ulivyotajwa.

"Alama yoyote ya kumtambulisha?" aliuliza.

Mama Pindo akavuta kigoda karibu. Akaanza na pengo la mbele, kisha akamwambia jinsi alivyokuwa akitembea.